Mkebe wa risiti: uzoefu wangu na kliniki ya sheria ya bure, Malindi

Kuna watu wameniuliza kama hawa wanaokuja mitaani na msaada wa kisheria wa bure wanafaa kitu, au ni watu wa kupiga picha na kuondoka. Mimi nilikwenda. Nilibeba barua ya kuhamishwa na mkebe wa biskuti uliojaa risiti, na nyumbani nilirudi navyo vyote viwili.

Nyumba yangu iko Kisumu Ndogo, ya fito na udongo, juu mabati. Marehemu mume wangu ndiye aliyeijenga, mwaka 1998. Nyumba ni yetu, kiwanja ni cha mzee mmoja wa mjini, tukimlipa kodi ya ardhi kila mwezi, mwanzo shilingi hamsini na mwisho mia tatu. Mtu wa bara ukimweleza hivi anakuangalia kama umechanganyikiwa. Hapa kwetu nyumba bila ardhi ni jambo la kawaida, watu wameolewa na kuzalia humo. Basi mzee akafariki, Mungu amrehemu. Arobaini ilikuwa haijapoa vizuri, mwanawe akaniletea karatasi: kiwanja kimepata mnunuzi, nihame ndani ya siku kumi na nne.

Majirani walinihukumia kesi papo hapo barazani. Miaka kumi na miwili ikipita ardhi ni yako, hiyo ni sheria, usitoke! Na wewe una risiti zote! Nikaamini. Ule mkebe nikauona ndio hatimiliki yangu.

Kliniki yenyewe ilikuwa Jumamosi, kwenye uwanja wa madrasa: mahema mawili, viti vya plastiki, wakili mmoja na vijana watano waliosomea usaidizi wa kisheria. Tangazo lilisema saa tatu. Walianza saa nne u nusu, eti mgeni rasmi yuko njiani. Mimi nilikuwa nimeacha mbaazi jikoni na mtoto wa jirani, kwa hiyo mgeni rasmi huyo sikumpenda hata kabla sijamwona.

Kisha mafunzo. Sehemu kubwa ilinipita, kwa sababu wakili alikuwa akisoma vifungu kama anayesoma risala. Nililoshika ni kwamba Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 48, inaitaka serikali ihakikishe kila mtu anaifikia haki, na kwamba mwaka 2016 ikatungwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ili wasio na pesa za wakili wasaidiwe. Lakini alipofika kwenye historia ya ardhi ya mwambao alifunga kitabu akazungumza kama mtu. Mwaka 1908, akasema, Waingereza walileta sheria ya hati za ardhi huku pwani: mwenye dai aje ajiandikishe, na isiyodaiwa ikahesabika kuwa ya Serikali ya Kifalme. Wenye habari na njia ya kumfikia msajili waliandikishwa. Wengi waliokuwa wakilima mashamba yao kwa mila, hasa Wamijikenda, hawakuandikishwa. Uwanja ulinyamaza. Mzee wa Kigiriama, mmoja wa hao Wamijikenda, aliyekaa mbele yangu alitikisa kichwa polepole, na kofia yake akaivua.

Baada ya hapo tukaenda mezani mmoja mmoja. Mimi niliangukia kwa binti mdogo, hata umri wa mwanangu wa mwisho hajafika. Nikasema moyoni, leo nimepatikana. Akaisoma barua mara mbili, hakusema neno. Kisha akauliza, "Mama, huyu aliyetia sahihi ni nani?"

"Ni mtoto wa marehemu."

"Mirathi imeshafunguliwa? Amepewa barua za usimamizi?"

Sikuwa na habari. Akanieleza kwamba kuwa mtoto wa marehemu hakumpi mtu ruhusa ya kuuza mali ya marehemu. Lazima kwanza mahakama imtambue nani ni msimamizi, na kwa Waislamu jambo hilo linaweza kupelekwa kwa Kadhi. Kabla ya hapo anauza kisicho mkononi mwake. Nikapumua. Nikamsukumia mkebe, nikamwambia na hizi hapa risiti, miaka zaidi ya ishirini, sheria ya miaka kumi na miwili inanihusu.

Alizitazama risiti kwa muda. Akasema, "Mama, nikikwambia kweli utanikasirikia."

Kweli yenyewe ni hii. Ile miaka kumi na miwili ni ya mtu aliyekaa kwenye ardhi ya mwenzake bila idhini, waziwazi, mwenyewe asimwondoe. Hata huyo ardhi haimwangukii tu, sharti aende Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikaamue. Na ardhi ya serikali haipatikani kwa njia hiyo kabisa. Mimi nilikaa kwa idhini. Ushahidi wa idhini ni nini? Risiti. Kila nilipolipa kodi na kuweka karatasi kwenye mkebe nilikuwa nikiandika kwa mkono wangu kwamba ardhi si yangu.

Nilikasirika, sitaki kusema uongo. Nikamuuliza kama ni wakili wa yule kijana au wangu. Akanimiminia maji, akangoja, kisha akaigeuza ile hoja upande wa pili. Risiti hizohizo zinaonyesha kwamba mimi si mvamizi. Sheria ya Ardhi, kwa marekebisho ya 2016, inamtaka mwenye ardhi ampe hata aliyeingia bila ruhusa notisi ya maandishi isiyopungua miezi mitatu, na nakala zifike kwa naibu kamishna wa kaunti na kwa kamanda wa polisi wa eneo hilo. Aliyepewa notisi ana haki ya kwenda mahakamani kuomba nafuu. "Kama mvamizi anapewa miezi mitatu, mama, wewe mlipaji utapewaje wiki mbili?" Na siku ikifika ya kuondoka kweli, mimi ndiye wa kwanza kupewa nafasi ya kuibomoa nyumba yangu na kuokoa vitu vyangu. Mabati ni yangu. Boriti ni zangu.

Hapo ndipo nilipowaheshimu. Majirani walinipa nilichotaka kusikia, na kama ningewafuata ningesimama mbele ya hakimu na mkebe wangu nikijifungia kesi mwenyewe. Binti aliniambia nisichokuwa nacho kwanza, kisha kile kidogo nilicho nacho.

Sasa kasoro, maana zipo. Meza zimebanana mno. Mwanamke wa meza ya pili alikuja kwa habari za kupigwa na mumewe, na sisi sote tulisikia, hata tuliojifanya tunaangalia simu. Hilo ni kosa kubwa na niliwaambia. Vijitabu walivyogawa ni vya Kiingereza; wangu ninafungia mahamri. Tena wajue mapema wanaokwenda: hapo ni ushauri, kuandikiwa barua na kuelekezwa. Siku hiyo hakuna anayekwenda kukusimamia kortini. Kijana wa bodaboda aliyedai pesa za pikipiki aliyouza alielekezwa Mahakama ya Madai Madogo, ambayo inapokea madai yasiyozidi shilingi milioni moja na hulazimiki kuwa na wakili, akaondoka amenuna kwa sababu alitaka pesa zake jioni ileile. Na simu ya kuwafuatilia waliyonipa nilipiga siku nne ndipo ikashikwa.

Kwa jumla ningewapa nne kwa tano, na hiyo moja niliyoikata ni ya yule mwanamke.

Ukienda, beba nakala za karatasi zako, hata zile unazodhani hazina maana, na uwahi kabla ya hotuba ili uandikwe juu ya orodha. Mimi walinishauri nikasachi kiwanja kwenye ofisi ya ardhi, na kikatoka bado kwa jina la marehemu mzee. Wakaniandikia barua kwa yule mwanawe, ya heshima, imemtaja hata babake kwa wema, ikimuuliza msimamizi wa mirathi ni nani na kumkumbusha habari za miezi mitatu. Siku kumi na nne zimepita na mimi bado naamkia jikoni kwangu.

Waliniambia pia nisikatize kodi. Mwezi huu nilimpelekea mia tatu mkononi, akakataa kuipokea. Nikamtumia kwa M-Pesa. Baada ya saa moja akairudisha. Nilimpigia yule binti, na mara hii alishika simu. Akasema nisifute ujumbe hata mmoja, wa kutuma wala wa kurudishiwa, na mwezi ujao nitume tena.