Saa ya meli ya watalii Lamu: tovuti ipi ya kuaminiwa, na kwa jambo gani

Nahodha anayengoja wageni wa meli gatini Lamu anahitaji majibu matatu: meli inakuja siku gani, inatia nanga wapi, na boti ya mwisho ya kurudisha watu melini inaondoka saa ngapi. Hakuna tovuti moja inayojibu yote. Kila moja ina swali lake inaloliweza, na hasara nyingi (mafuta yaliyochomwa bure, chakula kilichopikwa kikakosa mlaji) hutokana na kuiuliza ratiba ya mwaka mzima swali la asubuhi ya leo.

Kwa siku, tovuti ya kampuni yenye meli ndiyo ya kwanza. Ratiba hutolewa mwaka mmoja hadi miwili kabla, kwa kuwa vyumba huuzwa mapema, na kila bandari huandikwa pamoja na saa ya kufika na ya kuondoka. Msimu wetu hufuata kaskazi, kuanzia Novemba hadi Aprili hivi. Kusi ikishika, usijisumbue sana kutafuta. Lakini ratiba ya kampuni nayo hubadilika. Tangu meli zianze kushambuliwa katika Bahari ya Shamu mwishoni mwa 2023, safari kadhaa zilizokuwa zipite Suez zimezungushwa kusini mwa Afrika, na bandari za njiani zikapangwa upya. Nakala uliyoipiga picha miezi sita iliyopita haina kazi. Fungua ukurasa upya mwezi mmoja kabla, kisha wiki moja kabla.

Ugumu wake ni kwamba lazima ujue jina la meli kwanza. Hapo ndipo CruiseMapper na CruiseTimetables zinapofaa: unaanza na bandari, na kalenda inakuonyesha meli zinazotarajiwa mwezi huo. Usitafute Lamu peke yake. Fungua pia Mombasa na Zanzibar, kwa sababu meli inayokuja kwetu mara nyingi itaonekana katika mojawapo siku moja kabla au baada. Ukiiona Zanzibar tarehe 10 na Mombasa tarehe 12, na tarehe 11 haina kitu, umepata meli ya kufuatilia. Rudi kwenye tovuti ya kampuni uone hiyo siku ya kati wameiandikia nini.

Tovuti hizi za kukusanya ratiba tunazipa alama nzuri kwa kutafuta, na alama ndogo kwa kuthibitisha. Kampuni ikifuta bandari, kalenda ya mtu wa pili huchelewa kujua. Dalili za mstari uliooza ni hizi: saa imeachwa wazi au imeandikwa 00:00, au meli ileile imeorodheshwa katika bandari mbili zilizo mbali siku moja. Tena, idadi ya abiria inayoandikwa pale ni uwezo wa meli, si watu waliomo. Ukipanga mashua kwa hesabu hiyo utaita manahodha wengi kuliko kazi iliyopo, maana si wote walio melini hushuka, na wengi wanaoshuka wamekwisha lipia matembezi ya kampuni.

Sasa saa yenyewe. Kwa hili MarineTraffic na VesselFinder hazina mpinzani, ila ni kwa anayezisoma vizuri. Zote mbili hutegemea AIS, chombo kinachorusha jina la meli, mahali ilipo na mwendo wake. Meli zote za abiria katika safari za kimataifa zinalazimika kuwa nacho. Ikiwa safarini, mahali ilipo hurushwa kila baada ya sekunde chache. Ikiwa nangani, kila dakika tatu. Hayo hutoka kwenye mitambo, na ni ya kuaminika. Lakini mwisho wa safari na saa ya kufika huandikwa kwa mkono na afisa wa zamu, naye akisahau kubadilisha, meli itaendelea kutangaza kwamba inakwenda Zanzibar hali imeshaondoka huko na kuipita Pemba. Amini alama iliyo kwenye ramani kuliko maandishi yaliyo kando yake.

Mitego ya kusoma ni kadhaa. Kwanza, jina. Meli huuzwa zikabadilishwa majina, na majina hufanana; tafuta kwa namba ya IMO, tarakimu saba zinazobaki na meli toka kuundwa hadi kukatwa chuma chakavu. Pili, bandari. Lamu katika msimbo wa kimataifa ni KELAU, Mombasa ni KEMBA, Zanzibar ni TZZNZ. Ukifungua ukurasa wa bandari ya Lamu, vyombo vingi utakavyoviona ni vya mizigo vinavyokwenda Kililana, katika bandari mpya ya Ghuba ya Manda iliyoanza kazi Mei 2021. Chuja aina ya chombo ubakize ya abiria. Hata hivyo hujamaliza: meli inayotia nanga nje, watu wakaletwa kwa boti zake hadi mjini kupitia mbele ya Shela, ni kazi moja, meli inayofunga Kililana, wageni wakaja kwa boti au kwa gari hadi Mokowe kisha wakavuka, ni kazi nyingine kabisa, na wenye mashua za mjini wasiojua tofauti hiyo hungoja upande usiofaa.

Tatu, saa. Hapa ndipo watu wetu huumia zaidi. Saa ya kufika katika AIS ni ya UTC (saa ya kimataifa), nasi tuko saa tatu mbele. Tovuti nyingine huonyesha UTC, nyingine saa za bandari, na nyingine hukuachia uchague. Tazama herufi zilizo kando kabla ya kumpigia mtu simu. Njia ya mkato ipo: chukua saa ya UTC, toa tatu, umepata saa ya Kiswahili moja kwa moja. 0500 UTC ni saa mbili asubuhi. 1400 UTC ni saa kumi na moja jioni. Jibu likiwa sifuri au chini yake, ongeza kumi na mbili; likizidi kumi na mbili, ondoa kumi na mbili: 1700 UTC ni saa mbili usiku. Ratiba ya kampuni, kwa upande wake, imeandikwa kwa saa za bandari, kwa hiyo 0800 ya kampuni ni saa mbili asubuhi, wala si saa nane. Na meli ikitoka Shelisheli, ambako wako saa moja mbele yetu, waulize kama wamerudisha saa zao. Meli nyingine hubaki na saa ya melini, na boti ya mwisho huondoka kwa saa hiyo.

Ukishaiona meli kwenye ramani, fanya hesabu mwenyewe. Mombasa hadi Lamu ni takriban maili 130 za baharini. Meli ikitoka Kilindini saa kumi na mbili jioni na inatakiwa Lamu saa mbili asubuhi, ina saa 14, kwa hiyo inahitaji mwendo wa noti (maili za baharini kwa saa) tisa na kitu tu. Usishtuke ukiiona inatambaa, ina muda. Zanzibar ni habari nyingine. Ni karibu maili 260, na meli iliyoondoka huko saa kumi na moja jioni inahitaji zaidi ya noti 17 ili ifike saa mbili asubuhi. Ikichelewa kuondoka kwa muda wa saa mbili, itahitaji noti 20. Meli nyingi ndogo za safari za namna hii huenda noti 13 hadi 16. Kwa hiyo saa ya kuondoka Zanzibar jioni ni habari bora kuliko saa ya kufika iliyotangazwa: ukiona bado imefunga pale saa moja usiku, waambie wapishi walale.

Toleo la bure la MarineTraffic na VesselFinder lina mpaka wake. Hupokea ishara za antena za nchi kavu, ambazo hufika maili 40 hivi, kutegemea urefu wa antena. Meli inayokuja kutoka Shelisheli hupotea katikati ya bahari, na alama yake hubaki pale ilipoonekana mara ya mwisho. Angalia umri wa ishara. Ikiwa ni ya saa kumi zilizopita, huoni meli, unaona kumbukumbu. Ishara ya setilaiti hulipiwa, na kwa mwenye mashua moja haina faida. Kwa wakala wa matembezi anayekodi vyombo vingi na kununua vyakula, mwezi mmoja wa msimu unaweza kulipa.

Kufika si kushuka. Nanga ikishatiwa, uhamiaji, forodha na afya ya bandari hupanda kwanza, kisha boti za meli hushushwa. Ongeza angalau saa moja kwenye saa ya ratiba. Upande wa jioni punguza: boti ya mwisho huondoka gatini nusu saa hadi saa nzima kabla ya meli kung'oa nanga, na wageni waangalifu huanza kurudi mapema zaidi.

Halafu maji. Hakuna tovuti ya ratiba inayokuambia hili, na Lamu ndilo linaloamua siku. Wakati wa bamvua (maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu), maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa karibu saa nne asubuhi, yaani wakati uleule wageni wa kwanza wanapofika gatini. Ngazi huwa ndefu na zina utelezi, na mashua yenye kina huweza kukwama ikienda kuwachukua. Maji husogea mbele karibu dakika 50 kila siku, kwa hiyo siku ya maji mafu, karibu wiki moja baadaye, mambo huwa rahisi. Weka jedwali la maji kando ya ratiba kabla hujaahidi safari ya mikokoni. Upepo nao: mawimbi yakiwa makubwa pale boti za meli zinaposhushwa, nahodha wa meli hufuta ziara asubuhi hiyohiyo. Kwenye ramani utaona mwendo umepungua, kisha umepanda tena bila kufika chini ya nusu noti. Haitii nanga hiyo.

Kwa walio Malindi, acheni kutafuta Malindi. Ghuba ina maji machache na tope la Sabaki. Meli itakuwa Mombasa. Chombo chenu ni orodha ya siku 14 ya Mamlaka ya Bandari ya Kenya, inayotaja meli zinazotarajiwa, na uzuri wake mkubwa ni safu ya wakala. Wakala ndiye mwenye saa ya kweli, na ndiye wa kupigiwa siku mbili kabla. Barabara ni kilomita 120 hivi, zaidi ya saa mbili na foleni ya Mtwapa. Meli ya saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni huwaacha wageni wenu na saa mbili tu mjini, kwa hiyo uzeni magofu ya Gedi na chakula cha mchana Watamu. Matembezi kamili ya Malindi yawekeni kwa meli inayolala Mombasa, ambayo kwenye kalenda hutambulika kwa saa ya kuondoka kuwa tarehe ya kesho yake.