TAHADHARI: Filta feki za pampu ya upepo kwa magari ya safari, na fundi anayekuja nazo

Ndugu zangu madereva na wenye magari ya safari, hasa mliofunga pampu ya upepo ndani ya gari kwa ajili ya kujaza matairi na loki ya difu (ile inayofanya matairi ya pande zote mbili yazunguke pamoja gari likinasa), naomba msome hii kabla hamjamtumia mtu hela. Kuna muuzaji wa mtandaoni anayeuza filta za pampu hizo. Anasema yuko Dar, mzigo anautuma kwa basi, na hapa Arusha ana fundi wake wa kukufungia. Mimi nimepigwa. Filta nilinunua shilingi 135,000, fundi akachukua 30,000, na pampu waliyoniulia ni zaidi ya laki nane kuipata nyingine.

Jina la ukurasa wake siliandiki kwa sababu tangu nianze kumfuatilia ameshalibadilisha mara mbili. Jina halitakusaidia. Kitakachokusaidia ni kumjua kwa anavyofanya kazi yake.

Gari langu ni Land Cruiser iliyorefushwa, ya paa la kuinua, kama nyingi zinazopanda Ngorongoro kila asubuhi. Pampu ilikuwa chini ya boneti kama kawaida, lakini tulipoongeza betri ya pili ya friji na ya kuchajia kamera za wageni, nafasi ikaisha. Tukaihamishia kwenye boksi la chuma nyuma ya kiti cha dereva. Hapo ile filta ndogo inayokaa kichwani mwa pampu haikufaa tena, maana boksi lenyewe linajaa vumbi. Ikabidi pampu ivute hewa kupitia mpira, na mwisho wa mpira ndiko filta inakokaa. Mpangilio huu ni mzuri na wengi mnao. Shida ni kwamba filta ikichakaa huwezi kuingia duka lolote ukaipata, na huyu tapeli anaijua shida hiyo vizuri kuliko sisi.

Yangu ilichakaa mwezi wa saba. Nikaona tangazo lake, picha safi kabisa: filta nyeusi, sponji ya nje, mpira mpya, klipu mbili, boksi limeandikwa vizuri. Nikampigia. "Kaka, hii orijino, imetoka Australia, zimebaki mbili tu, kuna mtu wa Moshi ananisumbua tangu asubuhi." Nikaomba picha ya namba ya kifaa iliyo kwenye filta yenyewe. Akanitumia picha ya boksi. Nikaomba tena, akasema nikiendelea kumchelewesha anampa wa Moshi. Nilikuwa na wageni keshokutwa yake wa kwenda Kogatende, kaskazini mwa Serengeti, siku sita, nikatuma. Jina lililotokea kwenye simu wakati wa kulipa halikuwa lake. Akasema hiyo ni namba ya duka. Nikauliza risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. "Tutakutumia na mzigo." Kwenye mzigo haikuwemo.

Mzigo ulifika kesho yake, na hapo ndipo anapojiongezea nafasi ya kukuibia. Alikuwa ameshampa fundi wake namba yangu. Fundi akanikuta hapa hapa nyumbani, kijana mwenye heshima zake, ananiita mzee. Nilitaka kuifungua filta niione kwa ndani kabla haijafungwa. Akanizuia: "Mzee, ukiifungua hii, garantii imekufa." Akaifunga kwa dakika kumi na tano, akazungushia tepu nyeusi kwenye maungio, akapokea hela yake, akaondoka. Ile tepu ilinitia wasiwasi. Klipu inayolingana na mpira haihitaji tepu. Nikanyamaza.

Mnaijua barabara. Lami inakwisha geti la Lodoare, la kuingilia Ngorongoro, na kuanzia Olduvai mpaka Naabi, geti la Serengeti, vumbi ni la majivu ya volkano, laini kama poda ya mtoto, linaingia hata kwenye begi lililofungwa zipu. Mbele ya Seronera kuelekea kaskazini, ni hivyo hivyo. Siku ya pili jioni nilikuwa nimepunguza upepo wa matairi mpaka psi 25 kwa ajili ya mchanga, nikawa najaza kurudisha psi 40. Tairi moja pampu yangu hujaza kwa dakika nne, tano. Siku ile ilifika tisa, halafu ikazima yenyewe. Nikaishika, moto. Hizi pampu zina swichi ya joto inayozikata zikizidiwa, kwa hiyo nikasubiri ikapoa, nikaendelea, ikazima tena. Matairi manne yakanichukua zaidi ya saa nzima, wageni wanasubiri chai.

Siku ya nne, kwenye korongo lenye tope, nikabonyeza loki ya difu. Pampu inalia, loki haishiki, kwa sababu presha haifiki inapotakiwa. Tairi moja linazunguka bure, gari limelala upande, ndani nina watu sita, mmoja ni mama wa miaka sabini na kitu aliyekuwa ameshika kile chuma cha juu kwa mikono miwili, vidole vimekuwa vyeupe. Hakulalamika hata kidogo. Nikaita kwenye redio ya upepo, mwenzetu mmoja akaja na waya akanivuta. Mungu ambariki. Mahali pale nyati hupita, na huwezi kumteremsha mgeni asukume.

Usiku kambini nikaikata ile tepu. Klipu ilikuwa kubwa kuliko mpira, imekazwa mpaka mwisho na bado inacheza. Nikaifungua filta. Sponji ya nje nikiiminya inamomonyoka, vipande vinabaki vidoleni kama chenga za mkate. Karatasi ya ndani ilikuwa imeshikwa kwa gundi upande mmoja tu. Upande wa pili pana mwanya ambao niliingiza njiti ya kiberiti ikapita mpaka ndani. Nikapitisha kitambaa cheupe kwenye ule upande unaotakiwa kuwa safi, ule unaoelekea kwenye pampu. Kikatoka rangi ya udongo.

Fundi wangu wa siku zote aliifungua pampu tuliporudi. Pampu za aina hii hazitumii oili. Pistoni ina ringi ya plastiki ngumu inayojipaka yenyewe. Vumbi likiingia hakuna oili ya kulibeba, linasaga tu. Ringi ilikuwa imelika upande mmoja, na ukuta wa silinda una mikwaruzo kama umepigwa msasa. Kwenye vali tulikuta chenga nyeusi, ile ile sponji. Yaani filta yenyewe ndiyo ilikuwa inailisha pampu uchafu.

Nikampigia muuzaji. Mara ya kwanza akasema ni vumbi la kwetu, limezidi. Nikamuuliza filta kazi yake ni nini. Mara ya pili akasema fundi ndiye aliyekosea, simjui vizuri. Fundi naye akasema yeye hufunga anachopewa. Mara ya tatu namba haipatikani, na kwenye ukurasa nimezuiwa. Nikaomba mwenzangu aingie kwa simu yake: picha ni zile zile, jina jipya, na "zimebaki mbili tu." Nilipouliza maegeshoni nikapata wengine wawili wa filta hiyo hiyo, na wa tatu aliyelipa na hata boksi hakuliona.

Sasa nawaomba mfanye hivi, na wala haigharimu kitu. Filta ikikufikia, ifungue. Filta ya aina hii haiharibiki kwa kufunguliwa, kwa sababu imetengenezwa ifunguliwe ibadilishwe karatasi au ioshwe. Anayekwambia garantii itakufa anaogopa utakachokiona. Ingia chumba cha giza, washa tochi ya simu, iweke katikati ya karatasi uitazame kwa nje. Mwanga hafifu unaoenea kwenye karatasi si tatizo. Ukiona nukta au mstari mkali wa mwanga, hasa pale karatasi inapokutana na plastiki, irudishe. Sponji iminye na uivute kidogo: nzuri inarudi umbo lake na haiachi kitu mkononi. Tafuta namba ya kifaa kwenye filta yenyewe, maana boksi linachapishwa popote.

Kwenye kufunga, msimame hapo hapo na fundi. Mpira usiwe mwembamba kuliko tundu la pampu, la sivyo pampu inakabwa na kupata moto hata kama filta ni nzima, na usiwe mrefu bila sababu. Filta ikae juu, pakavu, mbali na bomba la moshi na mahali tairi linaporusha maji, mdomo wake ukiangalia chini. Kabla ya kuunganisha, mpira upulizwe ndani, kwani mabaki ya kukata mpira nayo yanaenda moja kwa moja kwenye silinda. Klipu ya saizi yake, bila tepu. Kuna jaribio dogo: washa pampu, ziba mdomo wa filta kwa kiganja kwa sekunde mbili tatu. Mlio unatakiwa ubadilike na kiganja kivutwe. Usipobadilika, pampu inavuta hewa mahali pengine. Halafu baada ya safari ya kwanza, pitisha kitambaa cheupe upande wa ndani. Mimi jambo hili nilikuwa silifanyi, na sasa nalifanya kila nikirudi.

Hela msitume kabla ya kuona mzigo, na jina likitokea tofauti, simamisheni hapo hapo. Mkiweza nunueni dukani, penye risiti ya EFD, hata kama imezidi elfu thelathini. Mimi nimeshachukua RB polisi, yaani namba ya taarifa yangu, na meseji zake zote nimezihifadhi. Namba ya tapeli aliyekutumia ujumbe unaituma kwenda 15040, ni bure, TCRA, mamlaka ya mawasiliano, waliiweka kwa kazi hiyo. Na kwa kuwa huku ni kuuza bidhaa bandia kwa jina la kampuni ya watu, Tume ya Ushindani, FCC, nao wanapokea malalamiko. Nimewapelekea boksi, filta na picha za silinda. Waliouziwa na huyu, hifadhini filta zenu, msizitupe, hata zikiwa zimemomonyoka. Tukienda watatu au wanne wenye kitu kile kile mkononi, hataambiwa tena mtu kwamba ni vumbi la kwao.

Na kama ulifungiwa na kijana aliyekukataza kufungua, aliyemaliza kwa tepu nyeusi, na una wageni kesho wa kupanda Ngorongoro, ikate hiyo tepu leo jioni uangalie ndani.