Wikendi ya kutembea vilimani kwenye mvua: mvua haikunisumbua, kiongozi ndiye

Mvua siilalamikii. Walitangaza matembezi ya vilimani msimu wa mvua, wakasema wazi tutalowa, na tukalowa. Malazi yalikuwa safi, chumba cha kuanikia nguo kilikuwa na joto la kutosha, na kufikia asubuhi viatu vyangu vilikuwa vinavalika, jambo ambalo si dogo. Wikendi yenyewe nilikuwa tayari kuipa nyota nne. Kisha nakumbuka yale mapumziko na damu inachemka upya.

Kundi lilikuwa mchanganyiko. Wapo waliozoea kukimbia kila asubuhi, na tupo sisi tunaopanda kwa kadiri ya pumzi zetu, mimi na mama mmoja mtu mzima tuliyejikuta tunaandamana. Kiongozi alitangulia na wale wa mbio. Wakifika mahali wanasimama kutusubiri: wanakunywa vya moto, wanaongeza masweta, wanapiga picha za ukungu. Sisi tunatokea huku tunahema, maji yanachuruzika kwenye kofia za makoti, na kabla sijashusha begi yeye ameshavaa lake. "Haya, wamefika. Twendeni." Kila kituo, maneno hayo hayo! Kwa hiyo wenye nguvu walipumzika siku nzima, na waliochoka hawakupumzika kabisa. Hesabu hiyo aliifundishwa na nani?

Kwenye mwinuko mrefu yule mama aliomba muda mfupi abadili fulana iliyolowa jasho. Kiongozi akamjibu mbele ya watu wote: "Mama, hapa hatubembelezani. Ungesema mapema tukuache ulikolala." Mama akafunga begi lake kimya. Hakubadili.

Usiku wapo waliomtetea. Walisema kusimama kwenye mvua na upepo kunapoza mwili, na waliokuwa mbele walishaanza kutetemeka. Ni kweli, wala sibishi. Maji hunyonya joto la mwili upesi mno kuliko hewa kavu, takriban mara 25, na fulana ya pamba ikishalowa ni heri uivue. Juu nako hewa hupoa zaidi ya nusu nyuzi kwa kila mita 100 unazopanda, kabla hujahesabu upepo. Lakini dawa yake kila mtembeaji anaijua: mwenye mwendo wa polepole atangulie, wengine wamfuate. Hasimami mtu kusubiri, hapoi mtu. Wale wa mbio watanung'unika, wanung'unike. Na kama alijua baridi inavyofanya kazi, kwa nini alimnyima mtu mzima nafasi ya kuvaa kitu kikavu?

Kisingizio chake kilikuwa ratiba. Aliipiga kwa kanuni ya mpanda milima Naismith ya mwaka 1892, ya kukadiria muda wa kutembea: saa moja kwa kila kilomita 5, na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Kanuni nzuri, ila haina mapumziko ndani yake, haina matope, na haina kijito kilichofurika mpaka tukalazimika kuzunguka mbali kutafuta daraja. (Hapo kwenye kijito nampa haki yake. Wapo waliotaka kuvuka kwa kushikana mikono, akakataa katakata.)

Tulipofika juu, penye upepo, yule mama alianza kunijibu neno moja moja. Vidole vyake havikuweza kushika zipu. Mwili ukishuka chini ya nyuzi 35 mtu hujikwaa, maneno humpotea, na mara nyingi yeye mwenyewe hung'ang'ania kwamba hana shida, kama mama alivyong'ang'ania. Aliyeona ni dada msaidizi aliyetembea nyuma yetu. Hakuomba ruhusa. Alipuliza filimbi, akatoa lile turubai jepesi la dharura ambalo watu hujifunika wote na kukalia kingo zake, akatuingiza. Mama akabadilishwa nguo, akapewa kitu kitamu na cha moto, na pumzi zetu zikapasha joto humo ndani kuliko nilivyotarajia.

Kiongozi akarudi, akainua ukingo: "Mmehamia hapa?"

"Kaka, hatuondoki mpaka apate joto," dada akamjibu, akaushusha ukingo.

Hapo nilishafikia nyota moja, tena ya dada peke yake.

Sasa sikia siku iliyofuata. Mvua ile ile, njia ndefu vile vile, na kiongozi akamweka mama mbele. Hakuomba radhi, hakueleza, alisema tu, "Mama, leo tupe mwendo." Tukatembea kama kundi moja, tukapumzika pamoja, tukafika pamoja, na mapema. Ilikuwa siku nzuri kuliko nyingi nilizowahi kutembea, ukungu ukifunguka mara moja moja tukaona bonde lote. Nilipaswa kufurahi zaidi. Badala yake nilitembea nimenuna, kwa sababu kumbe alijua! Alijua tangu mwanzo, akachagua kutukimbiza.

Basi niweke nyota tatu? Mbili? Kwa malazi na huyo dada ningeweka hata tano. Ofisi yao imeniandikia ikinikaribisha safari nyingine. Nimewauliza jambo moja tu, nani atatangulia, na bado sijajibiwa.