DaVinci Resolve: zana ya kutambua mikato

Mtaalamu wa rangi akipewa video nzima kama faili moja, zana hii ya DaVinci Resolve (programu ya kuhariri video na kurekebisha rangi) hutafuta mikato, yaani pale picha moja inapoishia na nyingine kuanza, na kumgawia klipu upya, na kwenye mikato ya kawaida inafanya kazi safi. Hukwama pale picha moja inapofifia ndani ya nyingine, kwa sababu hakuna fremu ya mkato ya kushika. Mwako wa flashi nao huweza kuhesabiwa kuwa mkato, kwa hiyo pitia orodha yote kabla ya kuikubali.

Dawa ni EDL, orodha ya maandishi inayoonyesha kila mkato wa mhariri ulipo. Programu ikipewa EDL hukata faili palepale mhariri alipokata, bila kubahatisha. Ila EDL hubeba laini moja tu ya video, hivyo shusha klipu zote kwenye V1 (laini ya kwanza ya video) kwanza. Ondoa maandishi, mipito (kama huko kufifia kwa picha) na rangi za muda, kisha toa faili ya ProRes 422 HQ (umbizo la video la ubora wa juu) kwa kasi ileile ya fremu. H.264 ya biti 8 (umbizo lililobanwa sana, lenye viwango vichache vya rangi) usipeleke kabisa: kontrasti ikipandishwa kidogo tu, anga hugawanyika mistari mistari.

Kazi yenye mipito mingi haifai njia hii. Peleka XML (faili inayobeba mpangilio wote wa uhariri) na picha asilia, zenye akiba ya fremu 24 za ziada kila upande wa klipu.