Mchezo wa ng'ombe Pemba na ule wa Spain

Watu wakiskia "bullfight" akili inaruka Spain moja kwa moja, wanasahau Pemba tunao wetu, ule tunaoambiwa wameuacha Wareno. Lakini jamani si kitu kimoja. Kule dume anaingia uwanjani, anachomwa mikuki na vijiti vya ncha mgongoni mpaka achoke, mwisho matador, yule mpiganaji wao mkuu, anammaliza kwa upanga. Huku kwetu, Kengeja au Wingwi, dume katiwa kamba, zumari linalia, ngoma zinapigwa, kina mama wanaimba, na kijana anamchokoza kwa kitambaa tu halafu anakimbia mbio huku watu tunamcheka, na mchezo ukisha ng'ombe anarudi kwao kula majani, kesho yumo shambani.

Kwa ukubwa hatuwawezi, dume lao linafika kilo 500, letu lile la nundu dogo tu. Ila hasira anazo, usimdharau bana!

Nguo ya matador pia inapendeza, sikatai. Lakini Catalonia wenyewe, jimbo la huko huko Spain, bunge lao lilipiga kura 2010 kuupiga marufuku mchezo huo, japo mahakama ya katiba ya Spain ikaja kuifuta marufuku hiyo 2016. Mie nipeni wa Pemba, ng'ombe akinishinda ntapanda mkarafuu.