Star Wars: anza na ya 1977, namba ziache

Namba zilizobandikwa kwenye filamu za Star Wars ni mtego. Filamu iliyotangulia kutoka, Mei 1977, inaitwa Sehemu ya Nne. Ya 1980 ni ya Tano, ya 1983 ni ya Sita, kisha George Lucas, aliyezibuni, akakaa miaka 16 kabla ya kutuletea ya Kwanza mwaka wa 1999. Mtu asiye na habari akipata seti nzima ataweka Moja, atafuata Mbili, na akifika ya Tano atakuwa anajua tayari jambo ambalo filamu hiyo ilijengwa kumshtua nalo. Nimelishuhudia hilo kwenye sebule za watu na huniuma kila mara. Tena ile ya 1977 ilipotoka haikuwa na namba yoyote. Namba iliongezwa mwaka wa 1981, wakati hadithi ilikuwa imeshapanuka.

Kwa hiyo naandika haya yote bila kuitaja siri ya 1980. Wengi mnaijua, najua. Lakini mimi ni mwalimu wa Kiswahili shule ya upili huku Eastlands, Nairobi, na kila mwaka nakutana na vijana waliokulia kwenye muvi za vibandani na sauti ya DJ Afro, yule msimulizi wa filamu, wanaojua majina ya mashujaa wa vita vyote, na hii moja haijawafikia. Sitaki kuwa mimi niliyewanyang'anya.

Nimezitazama zote upya mwaka huu nyumbani Umoja, pamoja na mama yangu na mpwa wangu wa miaka 11. Mpwa hakujua lolote. Mama alijua tu kwamba kuna panga za taa. Mpangilio niliouchagua ni huu: 1977, 1980, kisha unarudi nyuma kutazama 1999, 2002 na 2005, halafu ndipo unafunga na 1983. Sikuubuni kutoka hewani. Mashabiki wamekuwa na mpango kama huo kwa miaka mingi, unaitwa Machete, ila wao huitupa kabisa ya 1999 wakisema haina kazi. Hapo ndipo tunapoachana.

Filamu ya 1999 ina makosa, na nitayafikia. Lakini ndiyo pekee inayotuonyesha mvulana mtumwa akimwacha mama yake utumwani kwa sababu mabwana wa Jedi, wale wapiganaji wa panga za taa, waliweza kumkomboa mtoto peke yake. Mama anamwambia aende na asigeuke kutazama nyuma. Ukiiruka, huzuni na hasira ya kijana huyo katika ya 2002 inakuwa kelele tupu, kwa kuwa hukuwahi kuketi mezani kwa huyo mama na kula naye. Mama yangu hakusema neno sehemu hiyo, na yeye ni mtu wa kusema. Baadaye sana, tulipofika ya 2005 na mambo yameharibika kabisa, akauliza, "Kwani hao watu wa Jedi hawakuwa na pesa ya kurudi kumchukua?" Sijasoma uhakiki wa filamu hizo tatu ulioligusa tatizo lao moja kwa moja namna hiyo.

Sasa kwa nini kurudi nyuma baada ya 1980? Kwa sababu filamu hiyo, iliyoongozwa na Irvin Kershner, inakuacha na swali moja zito na haikupi jibu. Watazamaji wa wakati ule walingoja miaka mitatu. Sisi hatuwezi kungoja miaka mitatu, lakini tunaweza kulibeba swali hilo ndani ya filamu tatu zinazosimulia yaliyotangulia, na kila tukio tunalitazama tukiwa na wasiwasi ambao mtu aliyeanza na Sehemu ya Kwanza hana. Mpwa wangu aliingia ya 1999 akiwa amekunja uso, akimchunguza kila mhusika. Alikuwa anatafuta. Mtoto anayetafuta haangalii simu.

Ya 1980 ndiyo namba moja kwangu na sioni ubishi. Theluji ya Hoth, kinamasi cha Dagobah, mji ulio mawinguni. Mashujaa wanashindwa karibu kila kitu wanachokijaribu, na bado unatoka ukiwapenda zaidi. Yoda, mwalimu wa Jedi, ni kikaragosi kilichochezeshwa na Frank Oz kwa mkono, na baada ya dakika tano unasahau tu kwamba ni mpira, unamheshimu. Mpwa alimwamkia.

Namba mbili ndiyo inayoniletea ugomvi, kwa sababu naiweka ya 1983 juu ya ile ya 1977.

Wanaoidharau hutaja Ewok, wale viumbe wadogo wenye manyoya wa msitu wa Endor, kwamba haiwezekani jeshi lenye mashine lipigwe na watu wenye mawe, kamba na magogo. Mama yangu alizaliwa Nyeri wakati wa Hali ya Hatari. Alipowaona askari wa Dola, utawala dhalimu wa filamu hizi, wakiingia msituni na silaha zao, alisogea mbele kwenye kiti. "Hao wamekwisha," akasema. "Mwenye msitu anajua njia." Kwake hakukuwa na cha ajabu hapo. Amekua akisikia habari za Nyandarua na za Mlima Kenya, bunduki zilizotengenezwa kwa vyuma vya makufuli na mipira, na serikali iliyolazimika kuleta ndege za mabomu. Lucas mwenyewe amesema alikuwa akiifikiria Vietnam. Mtu wa Nairobi hahitaji kusafiri mbali hivyo ili amwelewe.

Halafu likaja lile ambalo nililingoja kimya tangu tuanze. Katika filamu hiyohiyo, ndani ya chombo cha Millennium Falcon, Lando Calrissian ana rubani msaidizi anayeitwa Nien Nunb, mwenye macho makubwa meusi na mashavu yaliyoshuka. Rubani huyo anaongea Kikuyu. Sauti ni ya Kipsang Rotich, Mkenya aliyekuwa Marekani wakati huo. Dunia nzima ilisikia lugha ya sayari ngeni, huku nyumbani watu wakisikia lugha ya kwao. Mama alinyoosha mkono. "Rudisha. Rudisha hapo." Nikarudisha. Akasikiliza, akacheka hadi akatoa miwani, kisha akamjibu rubani kwa Kikuyu kama anayeongea na jirani kupitia ua. Mpwa wangu, ambaye Kikuyu chake ni cha kuokoteza, akaanza kuuliza maana ya kila neno. Tuliitazama sehemu hiyo mpaka chai ikapoa.

Naijua hoja kwamba mapenzi ya kwetu ndiyo yananipandishia filamu hii. Hapana. Kinachoipandisha kiko mwishoni, pale mhusika mmoja anaposimama kati ya watu wawili, anamtazama huyu, anamtazama yule, na anaamua. Katika filamu kama ilivyotoka mwaka wa 1983, anaamua bila kutamka neno. Huwezi hata kuuona uso wake. Kazi yote inafanywa na kichwa kinachogeuka na muziki wa John Williams. Aliyetoka kuziona za 1999, 2002 na 2005 anajua uzito uliomo ndani ya kile kimya kuliko aliyetoka ya 1980 moja kwa moja, na ndiyo sababu mpangilio huu unabadilisha nafasi za filamu zenyewe. Kwa mpangilio wa namba, ya 1983 ni karamu ya kufunga. Kwa mpangilio huu ni hukumu.

Na hapa lazima niseme kuhusu matoleo. Lucas alizifanyia filamu zake tatu za kwanza marekebisho mwaka wa 1997, akaongeza mengine katika DVD za 2004, na katika Blu-ray za 2011 akamtia mhusika huyo maneno mdomoni katika sekunde ileile. Anapaza sauti, "Hapana!" Kile kimya hakipo tena. Hiyo ndiyo nakala inayopatikana kirahisi sasa. Mwaka wa 2006 zilitolewa DVD zenye filamu kama zilivyokuwa mwanzo, zikiwa kwenye diski ya ziada, na picha yake ni hafifu. Mimi natazama hizo, na uhafifu wake. Ukikosa, tazama uliyonayo ila mwenye rimoti azime sauti sekunde hizo. Nasema kwa dhati kabisa.

Ya 1977 ni ya tatu. Ni safi na nyepesi, na jangwa lake ni la Afrika: walipiga picha Tunisia, kwenye uwanda wa chumvi wa Chott el Djerid na katika nyumba zilizochimbwa ardhini za Matmata. Sauti ya Darth Vader, yule adui wa kofia na joho jeusi, ni ya James Earl Jones, huyohuyo wa Mufasa, ingawa ndani ya vazi alikuwamo David Prowse.

Ya nne ni Rogue One ya 2016, ambayo haiko kwenye mfululizo wa namba. Inahusu watu walioiba ramani za silaha kubwa ya Dola, na inaishia karibu kabisa na dakika ambapo ya 1977 inaanzia. Itazame baada ya kumaliza ya 1983, kisha usiku huohuo weka tena ya 1977. Utashangaa jinsi filamu uliyoiona ya kufurahisha inavyogeuka na kuwa na deni.

Ya 2005 ni ya tano, na ndiyo bora ya zile tatu za kati. Pambano la sayari ya Mustafar kati ya mito ya lava lina picha halisi za mlipuko wa Etna, Italia. Ya 1999 naiweka ya nane: ina mashindano ya vyombo jangwani ambayo mpwa aliyarudia bila ruhusa, ina Darth Maul, adui mwenye uso mwekundu na mweusi, na katikati ina mikutano ya ushuru wa biashara inayomlaza mtu. Ya 2002 ni ya kumi. Mimi hufundisha uandishi wa mazungumzo, na sijui ningemwandikia nini pembeni mwanafunzi aliyeniletea maneno ya mapenzi ya filamu ile. Wapenzi wawili wanasomeana hotuba.

Sasa hizi mpya, baada ya Disney kuinunua kampuni ya Lucas mwaka wa 2012. Ya 2015 niliitazama kwenye skrini kubwa ya Mtaa wa Mama Ngina, na sauti ya Lupita Nyong'o iliposikika watu walishangilia. Ilikuwa miaka miwili tu baada ya filamu iliyompa Oscar. Lakini tulipewa sauti tu. Uso wake ulifunikwa kwa kompyuta, akawa Maz Kanata, bibi mdogo wa rangi ya machungwa mwenye miwani. Kazi aliifanya vizuri, ana joto na ana hekima, na ndiye mtu ninayemkumbuka zaidi katika filamu hiyo. Katika ya 2017 anatokea kwa simu ya picha, anapigana huku anaongea, kisha basi. Katika ya 2019 hana la kufanya. John Boyega naye, kijana wa London mwenye wazazi Wanijeria, alianza kama mhusika mkuu, kisha filamu baada ya filamu akasukumwa pembeni. Mwaka wa 2020 alilisema hadharani, na alikuwa na haki. Ukiwa na Lupita na Boyega kwenye chombo kimoja halafu ukakosa la kuwapa, kosa si lao.

Hata hivyo ya 2017 ya Rian Johnson naipa nafasi ya sita, mbele ya ya 2015. Inamwonyesha Luke Skywalker, shujaa wa zile tatu za kwanza, akiwa mzee aliyechoka na aliyewahi kukosea vibaya, na inamruhusu afanye jambo moja kubwa la mwisho bila kumdhuru mtu. Watu wengi waliichukia kwa sababu hiyo hiyo. Ya 2018 inayomhusu Han Solo, rubani mlanguzi wa zile za kwanza, ni ya tisa, itazame siku yoyote, haivunji kitu. Ya 2019 ni ya mwisho. Maneno yake ya kwanza kabisa yanatangaza kwamba adui aliyekwisha kufa anaongea, na tangu hapo filamu inakimbia kuomba radhi kwa ile iliyoitangulia.

Zile tisa zenye namba ni takribani saa 20. Sisi tulitazama Jumamosi jioni, moja kwa wiki, na stima ilipopotea tulibishana gizani kuhusu orodha. Kila mmoja ana yake kwenye karatasi. Mama ameweka ya 1983 juu ya zote.

Kwa wenye watoto wadogo, ya 2005 ndiyo ya kwanza katika mfululizo kupewa alama ya PG-13 Marekani, onyo kwa wazazi wa watoto walio chini ya miaka 13, na inastahili. Kuna sehemu ndani ya hekalu la Jedi inayohusu watoto, na kuna kuungua kwa moto mwishoni. Chini ya miaka kumi ningesubiri. Mtazame ya 1977 na ya 1980, mkae na swali lenu hata mwaka mzima, na mlinde mtoto dhidi ya binamu wanaojua.