Umeme wa mtambo wa simu za ofisi: kipi ununue kwanza

Mara nyingi PABX, yaani mtambo wa simu za ofisi, haiharibiki umeme unapokatika. Huharibika umeme unaporudi kwa kishindo, au radi inapopiga jirani na kuingilia kwenye laini ya simu. Ndiyo maana mpangilio wangu hauanzi na UPS (kifaa chenye betri kinachoshika umeme ukikatika), ingawa ndiyo muuzaji atakayokutolea kwanza.

1. Athi, pamoja na kinga ya laini za simu

Mitambo mingi ina skrubu ya athi (waya unaopeleka umeme ardhini) mgongoni, na mara nyingi utaikuta haijafungwa chochote. Ifungwe kwa waya mnene wa kijani na njano hadi kwenye athi kuu ya jengo. Fundi akitaka kuchimbia simu athi yake ya peke yake bila kuiunganisha na ya jengo, mkatalie. Radi ikipiga karibu, athi hizo mbili huwa na volti tofauti, na tofauti hiyo hupita ndani ya mtambo wako. Apime kwa mashine ya kupimia athi, si kwa testa. Omu 5 kushuka chini ni kiwango kizuri kwa mitambo ya simu. Kwenye mchanga mkavu huenda zikahitajika rodi mbili tatu zilizounganishwa. Na ile adapta ya pini mbili inayoiacha pini ya athi hewani, itupe.

Kila laini ya shaba inayotoka nje ipite kwenye kinga ya radi iliyofungwa kwenye athi hiyohiyo. UPS hata iwe ya bei gani haizuii kinachopita kwenye waya wa simu usioigusa. Wenye laini ya mkonga (fiber), isiyopitisha umeme, wamepona hapa.

2. UPS yenye stabilaiza ndani

Kwa ofisi ndogo, hii ndiyo chaguo langu. Umeme ukiwa mdogo huupandisha bila kula betri. Soma wati, si VA (volti mara ampea): ya VA 650 mara nyingi hutoa wati zisizofika 400. Betri ya volti 12, Ah 7 ina Wh (wati-saa) 84, na ukitoa umeme unaopotea ndani ya UPS, mtambo wa wati 40 hautafika hata saa mbili. Swichi ya mtandao inayolisha simu za mezani umeme iwe kwenye UPS hiyo pia, la sivyo mtambo utawaka huku simu zote zimezima. Usiifungie kabatini: joto likizidi nyuzi 25 kwa nyuzi 10, umri wa betri hupungua karibu nusu.

3. UPS ya onlaini

Hii hutengeneza umeme wake upya muda wote. Ni ghali, na feni yake ina kelele. Inunue kama mnategemea jenereta. Umeme wa jenereta huyumba, na UPS za kawaida huukataa na kubaki zikimaliza betri.

4. UPS ndogo ya volti 12

PABX ya intaneti inayotumia adapta ya volti 12 inatosheka na hii. Linganisha volti, ampea na ncha ya plagi kabla ya kulipa.

5. Stabilaiza au kinga ya frigi

Peke yake haifai: umeme ukikatika simu zinazima, kisha kinga ya frigi inakusubirisha dakika kadhaa kabla ya kuziwasha tena. Iweke kati ya soketi ya ukutani na UPS, hapo ina kazi.

Eksitensheni yenye kitaa chekundu sijaipa namba.